Ukoko wa Kikorea

Mzungu wetu hakuja Ikwiriri kutuona sisi. Alikuwa anapita tu kwenda Mohoro, akatafute mtumbwi wa kumteremsha deltani, akaone mikoko na viboko kama wazungu wengine. Lakini mto ulikuwa umepanda, barabara ya Mohoro imekatika, na kaka yangu, ambaye wakati ule alikuwa dereva wa watalii na hawezi kumwona mtu amekwama akampita, akamleta nyumbani. "Atalala leo tu," alituambia. Mzungu akakaa mpaka maji yalipopungua, na maji ya Rufiji hayapungui kwa kuombwa.

Kwa Mzungu peke yake tusingekuwa na shida. Shida ni kwamba alikuja na Korea. Kwao hasa ni nchi moja ya Ulaya ambayo Bibi yangu hakukubali kamwe kwamba ipo, kwa kuwa haikuwa Uingereza wala Ujerumani. Lakini alikuwa ameishi Korea miaka mingi, akifundisha Kiingereza katika mji mdogo wa pwani, na kila alichokiona kwetu alikipima kwa kipimo cha huko. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwenye simu, Kiswahili cha hotelini na uwanja wa ndege, na kilipomwishia mdomoni hakurudi kwenye Kiingereza kama wenzake. Kilichomtoka kilikuwa Kikorea. Mimi nafundisha chekechea na nina Kiingereza changu cha chuo cha ualimu, kwa hiyo nikafanywa mkalimani bila kuulizwa.

Na alichagua wakati mbaya kuliko wote, maana nyumba nzima ilikuwa ikimsubiri mgeni mwingine: baba wa mchumba wangu.

Sisi ni Wandengereko wa bondeni, watu wa mpunga. Wao ni Wamatumbi, walishuka zamani kutoka milima ya kusini, wana shamba la mikorosho na mihogo Mtunda, na mtoto wao ana kibanda cha kutengeneza simu Kibiti mjini. Nilimfahamu kwa sababu ya simu ya shangazi yangu. Ilipasuka kioo, nikatumwa Kibiti kwa fundi. Baada ya siku ile simu ikaanza kuharibika ovyo, mara chaji haiingii, mara spika haisikiki, sijui kwa nini, na kila ilipoharibika mimi ndiye niliyejitolea kuipeleka.

Mzee wake alikuwa ameshakuja mara moja kumposea mwanawe. Ulimi hauna mfupa, na wa baba yangu hauna hata ngozi ya kuuzuia. Chakula kilipotengwa, Baba aliwakaribisha wageni kwa kusema, "Shibeni wali, ndugu zangu, maana najua huko milimani mchele mnauona sikukuu hadi sikukuu." Alidhani anatania. Mzee yule akarudisha tonge kwenye sinia, akanawa mkono, akaaga kwa adabu zote, akaondoka na wenzake kabla kuku hajafika jamvini. Baadaye akatuma mshenga na maneno mafupi: atarudi mara moja tu, kwa ajili ya mwanawe, na akidharauliwa tena kwa chakula, mwanawe atatafutiwa mke kwingine.

Nilikuwa nakaribia thelathini. Nilimpenda fundi simu yule, sikumtaka mwingine, na sioni haya kusema kwamba siku zile nilikuwa naogopa mdomo wa baba yangu kuliko mamba. Sasa juu ya mdomo huo tukaongezewa Mzungu.

Siku ya kwanza tu alitaka kutuua kwa aibu. Tulipomwambia karibu chakula, akainama, akasema hapana, asante. Mama akamkaribisha tena. Hapana, asante. Tukala tukimtazama, naye akitutazama. Kesho yake asubuhi akaniuliza kwa upole kama kwetu ni kawaida kumkaribisha mtu mara mbili tu. Kumbe alikuwa anasubiri ya tatu. Alinieleza kwamba alipofika Korea jirani yake, mama mmoja mtu mzima, kila akikutana naye ngazini alimuuliza, "Umekula?" Naye kwa ukweli wake akawa anajibu, "Bado." Yule mama akawa anarudi ndani, anatoka na sinia. Ikaendelea hivyo mpaka mwalimu mwenzake alipomvuta pembeni akamwambia kwamba ile ni salamu tu, kama vile hujambo, na jibu lake ni nimekula, hata kama utumbo unalia. Tangu hapo akaapa kutokubali chakula cha mtu mpaka ahakikishe anakaribishwa kweli.

Nilipomtafsiria Bibi, alifikiri kidogo. "Sasa yule mama alimlisha muda wote huo bila kumwambia?" aliuliza. "Huyo mwanamke ana moyo. Mie ningemwambia siku ya pili."

Halafu ikaja chai. Baba alimkaribisha barazani, akamimina chai ya tangawizi. Mzungu akapokea kikombe kwa mikono miwili, vizuri, Baba akafurahi. Kisha akageuza uso ukutani, akanywa, akaurudisha. Akaugeuza tena, akanywa. Baba alivumilia kikombe kizima, halafu akaniita. "Muulize mwenzio, chai yangu anamficha nani?" Ikabidi Mzungu aeleze kwamba Korea kijana hanywi kitu uso kwa uso na mkubwa wake, anageuka pembeni kwa heshima. Hakutaja ni kinywaji gani, nami sikumuuliza mbele ya Baba, maana nilikuwa nimeshaona chupa za kijani za pombe za kutosha kwenye filamu za Kikorea anazotazama shangazi. Baba alipoambiwa kwamba ni heshima, akanyoosha shingo. Jioni ile akamnywesha Mzungu chai mbele ya majirani, wamwone anavyogeuka.

Neno lililotusumbua zaidi lilikuwa la shukurani. Kwa Kikorea cha watu waliozoeana, asante ni gomawo. Sasa wewe mpe mtu maji ya kunawa, akuangalie usoni akuambie gomawo. Umpe mto wa kulalia, gomawo. Bibi, ambaye masikio yake huchagua la kusikia, alikuwa akitoa taarifa kwa nyumba nzima: "Amegoma tena." Mama akawa anaingiwa na wasiwasi, anabadilisha shuka, anabadilisha mboga, anauliza mgeni anagomea nini. Nilimwacha ahangaike siku mbili tatu kabla ya kumweleza, kwa sababu mboga zilikuwa nzuri.

Aliyempokea Mzungu kwa mikono miwili kweli ni Shangazi. Shangazi ni mjane, hana mtoto, na alikuwa ametazama filamu za Kikorea zote zilizotafsiriwa zinazofika Ikwiriri, zile ambazo mwanamume mmoja anasema sauti ya mfalme, ya malkia, ya kijakazi na ya farasi ikibidi. Chini ya sauti yake Kikorea chenyewe husikika kidogo, na Shangazi alikuwa ameokota maneno. Kwa hiyo Mzungu aliishi Korea, lakini Shangazi ndiye aliyekuwa na hakika nayo. Mzungu akisema wafalme hawapo tena, Shangazi anamtazama kwa huruma.

Mzungu alimweleza kwamba Korea huwezi kuzungumza na mtu mpaka ujue nani mkubwa, kwa sababu maneno yenyewe hubadilika mkia kufuatana na umri. Ndiyo maana watu wakikutana tu huulizana miaka. Yeye mwenyewe siku ya kwanza alikuwa amemuuliza Baba ana miaka mingapi, na Baba akamjibu alizaliwa mwaka wa mafuriko. "Mafuriko yapi?" Mzungu aliuliza. "Yale makubwa," Baba akamaliza. Sasa hapa bondeni kila mtu ana mafuriko yake makubwa, kwa hiyo Mzungu akabaki hajui.

"Na mwanamke akimwita kaka yake mkubwa anasema opa," Shangazi alimfahamisha.

"Ndiyo. Lakini mwanaume hasemi opa. Anasema hyong."

"Na mchumba wake pia anamwita opa," Shangazi aliendelea, kana kwamba hakusikia, akanitupia jicho. Tangu siku hiyo fundi simu wangu akawa opa katika nyumba yetu. "Opa kapiga simu?" "Opa kasemaje?" Baba akadhani ni kampuni mpya ya mtandao.

Kilichomshangaza Mzungu Korea kuliko vyote ni neno yetu. Wakorea, alisema, hawapendi kusema yangu. Ni nyumba yetu, nchi yetu, mama yetu, hata kama umezaliwa peke yako. Na mwanamke mmoja aliyefanya naye kazi alikuwa akisema kila siku, bila aibu, mume wetu. Mume wetu amechelewa, mume wetu anapenda samaki. Mzungu alikaa mwezi mzima akijiuliza wako wangapi.

Shangazi aliposikia hivyo aliacha kuchambua mchele. "Hata mie nilikuwa na mume wetu," alisema. "Tulikuwa watatu. Muulize, wale wa Korea zamu wanapanga vipi?"

Sikutafsiri. Nilimwambia Mzungu kwamba Shangazi amefurahi kusikia habari hizo.

Kuhusu vyakula, hukumu ilikuwa ya Bibi. Mzungu alieleza habari za kimchi kwa nusu saa, mikono inapaa: kabichi inalazwa kwenye chumvi, inapakwa pilipili ya unga, vitunguu saumu, na vijikamba vidogo vilivyochacha, inafungiwa kwenye mtungi mpaka iumuke, na harufu yake ikishaingia kwenye nguo haitoki. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Uduvi na kabichi," alisema. "Na nazi?" Nikamwambia Korea hakuna minazi, baridi kali. Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Nadhani usiku ule aliwaombea. Na Mzungu alipotoa vijiti vyake vya chuma, ambavyo alisafiri navyo kila mahali, akaanza kumchambua perege mwiba mmoja mmoja bila kumgusa kwa kidole, Bibi alisogeza kigoda ili aone vizuri. "Anakula au anamshona?" aliuliza. Hata hivyo niliona kwamba upande wa samaki wa Mzungu ulibaki mifupa mitupu, msafi kuliko wetu, na Bibi naye aliona, ndiyo maana hakusema zaidi.

Kuna jambo jingine alilonieleza mimi tu, kwa kuwa mbele ya Baba lisingesemeka. Korea kuna mabafu ya umma, watu wanaoga pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, na mtu usiyemjua anakusugua mgongo kwa kitambaa kigumu mpaka uchafu unatoka kama nyuzi. Siku ya kwanza mzee mmoja alimgeuza kama anageuza gunia, akamsugua, huku akimuuliza umri wake. Mzungu alisema hakuwahi kujisikia mpweke hivyo, wala kupendwa hivyo, vyote kwa mpigo. Mimi nikafikiria singo yangu. Kwetu bibi harusi husuguliwa singo siku kadhaa kabla ya ndoa, na mimi nilikuwa nimewasugua wenzangu wengi kwa mikono hii, nawasikia wakicheka na kulalamika kwamba naumiza, na nilitaka zamu yangu ifike. Nilitamani mtu anisugue niumie. Nikamwambia Mzungu kuwa ana bahati, akadhani namtania.

Sasa nifike kwenye ukoko. Kwetu wali hupikwa kwa tui, ukikauka unapaliwa makaa juu ya kifuniko, na chini ya sufuria panabaki ukoko, mwekundu, unanukia nazi iliyoungua. Ukoko ni wa watoto, na wa wanawake wakiwa jikoni peke yao. Mwanamume wa kukaa jamvini haugusi. Mgeni ndiyo kabisa; ukimwona mgeni kapewa ukoko, ujue wali umekwisha na wenyeji wanamwambia kwa adabu kwamba basi lipo stendi. Nyumbani kwetu alikuwepo mlaji mwingine, paka dume wa Bibi, mkongwe, jicho moja limepofuka na meno yamekwisha. Bibi hakumpa jina. Alimwita mzee tu, kwa heshima ya umri. "Mzee kala?" "Mzee mwoneni, kalala kwenye ungo." Kwa kuwa hana meno, ukoko wake hutiwa maji kwanza ulainike. Mzungu alimwita goyangi, yaani paka kwa Kikorea, na hakuna aliyemweleza cheo chake.

Mchana mmoja Mzungu aliingia jikoni. Bibi alimwuliza mwanaume anatafuta nini kwenye moshi, lakini yeye alikuwa ameshachuchumaa mbele ya sufuria, anamtazama Mama akibandua ukoko kwa mwiko. "Nurungji," alisema, na macho yakamjaa maji. Nilidhani ni moshi. Akaeleza kwamba Korea nao wana ukoko, na hawautupi wala hawauonei haya. Wanaumiminia maji ya moto ndani ya sufuria, unachemka kidogo, na mlo ukiisha wanapewa wazee wanywe, kwa mikono miwili, kutuliza tumbo. Kuna mikahawa inauuza. Bibi wa Korea akimpenda mjukuu, humfichia kipande. Yeye mwenyewe alipougua majira ya baridi, yule jirani wa ngazini alikuwa akimletea bakuli la ukoko kila asubuhi, naye hakujua neno la kumwambia zaidi ya gomawo.

Wanawake wakacheka mpaka Mama akakaa chini. Wanampa mzee ukoko, na wanaulipia. Nilicheka nami, lakini nilimwona Mzungu akiangalia ndani ya sufuria tupu kwa namna ambayo ilinikata kicheko. Alikuwa amesafiri kote huko, na aliyemkumbuka hakuwa mama yake wala kwao. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Siku ya wageni ilipofika, Baba alitaka Mzungu akae jamvini, ageuke na chai, ukoo uonekane una watu. Mama akakataa. Aliona heri hasara moja kuliko mbili, na moja tayari ilikuwa Baba mwenyewe. Mzungu akapelekwa uani, akakalishwa kwenye mbuzi akune nazi, mahali ambapo, Mama alisema, hawezi kumdhuru mtu. Baba alikula kiapo mbele ya kaka yangu kwamba habari za milima hazitatoka kinywani mwake.

Mzee alifika na mshenga wake na ndugu wawili. Koti la kaki, kofia iliyofumwa kwa mkono, uso haujafunguka. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na pazia lile nililijua lina tundu wapi. Chakula kikatengwa: wali wa nazi, kuku, perege wa kukaanga. Baba akasema, "Karibuni," akafunga mdomo, akaufunga kwa bidii mpaka mishipa ikamtoka. Mzee alikula kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayesubiri kusikia neno. Neno halikuja. Nikaanza kuhesabu kwamba tumevuka.

Wakati huo huko uani, haya niliambiwa baadaye, Mama alikuwa amebandua ukoko mzuri, mzima kama sahani. Bibi aliuona wakati anaondoka kwenda kuswali adhuhuri, akaagiza, "Huo utieni maji ulainike, mpeni mzee. Masikini, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni." Mama alikuwa anapakua mchuzi, Shangazi yuko kwenye birika la kunawia. Aliyesikia agizo, akalielewa lote, akafurahi kupita kiasi, ni mtu mmoja.

Nilisikia harufu kabla sijamwona. Pazia la mlango wa uani likafunguka, akaingia Mzungu, pekupeku, amebeba bakuli la maua ambalo Bibi hulihifadhi kabatini kwa ajili ya Idi. Alitembea polepole, akapiga magoti mbele ya Mzee, akalitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kichwa ameinamisha. Adabu ile hata sisi tunayo, na ilikuwa nzuri kutazama, kama usingejua kilichomo.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Ukoko wako."

Hakuna aliyetafuna. Mshenga alikohoa, akaacha kukohoa. Baba alifumba macho, na mimi nilishika pazia kwa mikono yote miwili. Nilimwona fundi simu wangu akipewa mke mwingine, mwenye baba bubu.

"Hiki nini?" Mzee aliuliza.

"Ukoko," Mzungu alirudia kwa furaha. "Na maji moto."

"Nauona kuwa ukoko. Nani kasema niletewe mie?"

"Bibi. Bibi amesema mpeni mzee. Masikini, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni." Aliyasema neno kwa neno, hata ile masikini aliivuta kama Bibi.

Kaka yangu akainama, akaanza kutafuta kitu chini ya jamvi ambacho hakikuwepo. Baba alifumbua macho, akaelewa ni mzee yupi, akayafumba tena. Mpaka leo baba mkwe hajaambiwa. Yeye hasomi vitabu, na anayemsomea magazeti ni mume wangu, ambaye nimeshazungumza naye.

Mzee aliliangalia bakuli. Mvuke ulikuwa unampanda usoni, na alikuwa hajalisukuma. "Ni kweli," alisema, akimgeukia mshenga. "Mtunda tumetoka alfajiri. Hata chai sikunywa. Nani kamwambia mama huyu?"

Mshenga akasema hajui.

"Mama yangu alikuwa akinifichia ukoko chini ya kawa," Mzee alisema, taratibu, si kwa mtu yeyote. "Wenzangu wakienda kucheza, ananiita. Nilipotoka jandoni nikaenda kuutafuta. Akanipiga kibao cha mkono, akaniambia sasa wewe mwanaume, nenda jamvini na wenzio. Sijaugusa tena."

Akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Kisha akaingiza vidole, akauvunja ukoko uliolainika, akala. Alikula kuliko alivyokula kuku. Mzungu akabaki kwenye magoti yake, anatabasamu kama mwenye harusi ni yeye.

Baba hakuweza kustahimili zaidi. Akafungua mdomo. Mzee akamwinulia mkono uliolowa.

"Subiri kwanza," alimwambia. "Siku ile nilikuja hapa mgeni, ukanitania nisichokizoea, nikaumia. Nami nikaondoka kama mgeni. Lakini mgeni hapewi ukoko. Mgeni anawekewa paja la kuku, anasifiwa, anasindikizwa mpaka njiani. Mwenye kupewa ukoko ni wa nyumbani. Basi mie nishakuwa wa nyumbani, na yale ya milimani ulimwambia nduguyo. Yamekwisha."

Baba akasema tu, "Ahsante." Nafikiri ndilo neno fupi kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu.

"Niitieni mwanangu," Mzee alisema.

Kwa mila sikutakiwa kuonekana. Shangazi akanitupia kanga kichwani, akanisukuma kupitia pazia. Nikapiga magoti pale jamvini karibu na Mzungu, nikatoa shikamoo, uso chini. Mzee akaitikia marahaba. Kisha nikaona bakuli la maua linasogea mbele yangu, na ndani yake kimebaki kipande kimoja kikubwa, kile chekundu cha katikati, ambacho hakukigusa.

"Nimekubakizia, mwanangu," alisema. "Kula."

Nikala palepale, mbele ya wanaume wote, kanga imelowa machozi, na nikalikomba bakuli kwa kidole.